Birere: Chaja ya simu ilitoka wapi, na kwa nini ya bei rahisi inaweza kugharimu nyumba

GOMA – Katika Birere, mtaa wa biashara unaopakana na Gisenyi nchini Rwanda, chaja ya simu haikosekani. Inapangwa mezani pembeni ya barabara, inaning'inizwa kwenye milango ya vibanda, na vijana wanaizungusha mkononi kutoka barabara moja hadi nyingine. Mnunuzi mara nyingi anauliza swali moja tu: je, inaingia katika simu yangu? Ikiingia na alama ya betri ikianza kupanda, pesa inatolewa na biashara imekwisha.

Swali hilo peke yake halitoshi. Chaja ni kifaa kidogo kinachosimama kati ya umeme wa volti 220, unaoweza kuua mtu, na simu inayohitaji volti 5 tu. Katika mtaa ambako nyumba nyingi ni za mbao na zimebanana ukuta kwa ukuta, kifaa hicho kikishindwa kazi yake, hasara haiishii kwa mwenye simu.

Na simu yenyewe leo si pambo. Kwa familia iliyokimbia Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, simu ndiyo njia ya kujua nani yuko hai na nani amefika wapi. Wengi wanasikilizia redio humo. Pesa ya ndugu inaingilia humo pia, tangu huduma kama M-Pesa zilipofika Kongo mwaka 2012. Simu ikizimika, mama aliye ugenini anakosa habari, anakosa pesa na anakosa watu wake kwa siku moja. Ndiyo maana wengi wako tayari kununua chaja yoyote iliyo karibu. Ili kuelewa jinsi ya kuchagua iliyo salama, inafaa kujua kwanza chaja hizi zilifikaje sokoni.

Kila simu na chaja yake

Simu ya mkononi ilianza Kongo, wakati huo Zaire, mwaka 1986 kupitia kampuni ya Telecel mjini Kinshasa. Chombo kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Kilikuwa cha mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Celtel ilipoanza kazi nchini na Vodacom ikafuata mwaka 2002. Simu ndogo za Nokia zikafika mikononi mwa walimu, wauza mboga na waendesha pikipiki.

Siku hizo chaja ilitoka katika boksi moja na simu. Kila aina ilikuwa na mdomo wake. Hata Nokia peke yake ilikuwa na pini mbili: ile nene ya zamani, na ile nyembamba iliyokuja katikati ya miaka ya 2000. Mtu aliyepoteza chaja yake alilazimika kutafuta jirani mwenye simu ya ukoo uleule.

Mafundi na wachuuzi walipata jibu lao: chaja ya kubana. Betri inatolewa ndani ya simu, inawekwa katika kikapu kidogo cha plastiki, meno mawili ya chuma yanagusa shaba zake, na taa inawaka. Chaja hiyo ilikubali karibu betri yoyote, na kwa hiyo ilipendwa. Lakini haikujua inachaji betri gani, wala haikuwa na njia ya kuuliza. Nyingi ziliendelea kusukuma umeme hata betri ikiwa imeshiba. Betri zilivimba, nyingine zikapasuka.

Hatari haikutoka kwa vitu vya bandia peke yake. Agosti 2007, Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zinaweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Kampuni ilikubali kuzibadilisha bure. BL-5C ni betri ambayo watu wa Goma wanaijua vizuri, kwa sababu mpaka leo redio ndogo nyingi za mkononi zinatumia betri ya umbo hilohilo. Ikiwa kiwanda kikubwa kiliweza kukosea, ni rahisi kuwaza kinachotokea pale ambapo hakuna anayekagua.

Mbao juu ya lava

Wakati simu zinaanza kuenea, mji wa Goma ulikuwa umetoka kuungua. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao, na Birere ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyopigwa vibaya. Siku chache baadaye, mafuta yalilipuka katika kituo kimoja cha petroli mjini na kuua makumi ya watu.

Watu walirudi upesi. Walijenga juu ya mwamba uliokuwa bado na joto, na walijenga kwa mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi, ni ya bei nafuu na fundi anaisimamisha kwa siku chache. Umeme uliporudi, waya zilivutwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mwenye mita akamgawia jirani, jirani naye akamgawia mpangaji. Ralonji moja ikabeba taa, redio, televisheni na simu tano.

Tangu hapo moto umekuwa mgeni asiyealikwa wa Birere. Umeunguza nyumba na maduka mara nyingi. Mara unaanza kwa mbabula iliyoachwa na makaa, mara kwa mshumaa, mara kwa mafuta ya petroli yaliyohifadhiwa ndani, na mara kwa shoti ya umeme. Chaja mbovu ni chanzo kimoja tu kati ya vingi. Lakini ndicho chanzo ambacho familia nyingi zinakiwasha kila usiku na kulala kando yake.

Chaja yaachana na simu

Mabadiliko makubwa yalitoka mbali. Desemba 2006, serikali ya China ilitoa kiwango kipya: chaja za simu ziwe na tundu la USB, ili kamba na kichwa viweze kutengana. Juni 2009, makampuni makubwa ya simu yalikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia mdomo mmoja, micro-USB. Mwaka 2014 ukaja mdomo wa USB-C, ule unaoingia pande zote mbili bila kugeuza. Na tangu Desemba 28, 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila simu mpya inayouzwa huko iwe na USB-C.

Kwa mnunuzi wa Goma hii ilikuwa habari njema. Chaja moja inatosha nyumba nzima. Jirani anaweza kuazima. Aliyekimbia vita na mfuko mmoja hana haja ya kubeba waya nne.

Lakini kulikuwa na upande wa pili. Oktoba 2020 Apple iliacha kuweka chaja katika boksi la simu zake, na Januari 2021 Samsung ikafanya hivyo kwa simu zake za bei kubwa. Sababu iliyotolewa ni kupunguza taka. Na tangu zamani, simu zilizokwisha kutumika zinazouzwa Birere mara nyingi huja bila boksi wala chaja. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ya kiwanda, yaani kuhakikisha kwamba chaja inafaa simu hii, imehamia kwa mnunuzi aliyesimama barabarani na noti chache mkononi. Na kwa kuwa mdomo ni mmoja, chaja nzuri na chaja mbaya zinafanana kwa nje kama mapacha.

Umeme unaokuja na kuondoka

Chaja za Goma pia zinafanya kazi ngumu kuliko za miji mingine. Kwa miaka mingi SNEL ililisha mji kwa umeme wa mabwawa ya Ruzizi, upande wa Bukavu, na mgao ulikuwa wa kila siku. Desemba 2015 kituo cha Matebe katika wilaya ya Rutshuru kilizinduliwa, na umeme wa Virunga Energies ukafika mjini. Februari 2020 kampuni ya Nuru ikaanza kutoa umeme wa jua wa megawati 1.3. Hali ikawa bora katika mitaa kadhaa.

Bora haimaanishi tulivu. Mei 22, 2021, Nyiragongo ilipasuka tena, na sehemu ya mji ikakaa gizani. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Katika siku kama hizo watu walipanga foleni mbele ya jenereta na vibao vya jua, kila mmoja na simu yake, wengine wakitoa kwanza kadi ya SIM kwa hofu ya kuibiwa pesa.

Umeme unaokatika na kurudi ghafla unaweza kurudi na msukumo mkubwa kuliko kawaida. Chaja iliyotengenezwa vizuri ina vipande vya ndani vya kuumeza msukumo huo. Ikilemewa, inajizima au inakata fyuzi yake. Chaja ya ovyo haina vipande hivyo, kwa sababu kuviondoa ndiko kulikoishusha bei.

Kilicho ndani

Fundi akifungua chaja nzuri, anakuta pande mbili zilizotengwa. Upande mmoja unapokea volti 220 kutoka prizi. Upande wa pili unatoa volti 5 kwenda kwenye simu. Katikati kuna transfoma ndogo: nguvu inavuka kwa njia ya sumaku, wala waya wa upande mmoja haugusi wa upande mwingine. Kati ya pande hizo kunaachwa nafasi ya milimita kadhaa, na nyuzi za transfoma zinafungwa kwa plastiki safu juu ya safu.

Katika chaja ya bandia nafasi hiyo inaweza kuwa chini ya milimita moja. Unyevu, vumbi au joto kidogo vinatosha kuiziba. Hapo volti 220 zinafuata kamba mpaka kwenye simu, na kutoka kwenye simu mpaka mkononi au sikioni. Chaja ya pini mbili haina waya wa ardhi wa kuokoa mtu. Utengano huo wa ndani ndio ulinzi pekee.

Si hadithi. Julai 2013, kifo cha mwanamke mmoja nchini China aliyekuwa akitumia simu iliyo kwenye chaja kilishtua dunia, na ikadaiwa kwamba chaja haikuwa halisi. Mwezi uliofuata Apple ilianza kupokea chaja za watu wengine na kuwauzia wenye nazo chaja halisi kwa bei iliyopunguzwa. Mwaka 2016, kampuni ya UL inayopima usalama wa vifaa vya umeme ilijaribu chaja 400 za bandia zenye jina la Apple. Tatu tu ndizo zilizofaulu. Kumi na mbili zilikuwa zimetengenezwa vibaya kiasi cha kuweza kuua mtu kwa umeme.

Hii haina maana kwamba kila chaja isiyo na jina la simu ni mbaya. Yapo makampuni yanayotengeneza chaja peke yake, na kazi yao ni nzuri. Mara nyingi chaja ya kampuni ya namna hiyo, inayojitaja kwa jina lake, ni salama kuliko ile iliyojibandika jina kubwa la kuazima.

Namna ya kuchagua

Nchini Kongo, ofisi ya OCC ndiyo yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini chaja ni ndogo, inaingia mfukoni, na mizigo mingi inavuka mpaka vichwani. Kwa hiyo macho ya mnunuzi ndiyo ukaguzi wa mwisho. Haya ndiyo ya kutazama kabla ya kulipa:

1. Maandishi. Chaja nzuri imeandikwa inachopokea na inachotoa. Kwa umeme wa mji, inachopokea kiwe volti 100 hadi 240. Inachotoa kiwe volti 5, na nambari ya ampea, kwa mfano 1A, 2A au 3A. Jina la aliyeitengeneza liwepo pia. Chaja isiyo na maandishi, au yenye herufi zilizokosewa na zinazofutika kwa kidole, irudishwe mezani.

2. Alama. Mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa maana yake ni kwamba kifaa kina kinga maradufu. Herufi CE ni dai la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata sheria za Ulaya. Alama zote mbili zinaweza kuigwa kwa urahisi. Zikikosekana ni dalili mbaya. Zikiwepo, bado hazijathibitisha kitu.

3. Uzito na mwili. Chaja nyepesi kama kiberiti kitupu haina vya kutosha ndani. Ikitikiswa isilie. Mshono wa plastiki usiwe wazi, na pini zisicheze. Uzito peke yake usimdanganye mtu, kwani wapo wanaotia kipande cha chuma ndani ili kuongeza kilo.

4. Prizi na tundu. Pini ziingie katika prizi na kukaa imara. Pini inayolegea inatoa cheche, na cheche karibu na mbao ni mwanzo wa moto.

5. Ampea. Wengi wanaogopa kwamba chaja ya ampea nyingi itaunguza simu. Sivyo. Simu inachota kiasi inachohitaji, kama mtu anayechota maji kwa kikombe, hata kama pipa ni kubwa. Hatari iko upande wa pili: chaja ndogo inayolazimishwa kulisha simu kubwa inachemka. Volti ndizo zisizotaniwa.

6. Kamba. Kamba nyembamba sana inapata joto na kuchelewesha kuchaji. Iliyochunika, iliyofungwa kwa plasta au inayofanya kazi mpaka ikunjwe, wakati wake umekwisha.

7. Majaribio. Mnunuzi aombe kuijaribu kwa dakika kumi palipo na umeme. Ikitoa harufu, ikivuma, au ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, haifai. Joto la vuguvugu ni la kawaida. Kioo cha simu kikianza kurukaruka na kujibonyeza chenyewe, au mwili wa chuma wa simu ukimtekenya mtu mkononi, chaja hiyo itolewe mara moja.

Bei nayo inasema kitu. Chaja ya noti chache inayokufa baada ya wiki tatu inanunuliwa mara nyingi kwa mwaka, na mwishoni imegharimu kuliko nzuri moja. Rahisi inavyoita wengi, ndivyo inavyowarudisha sokoni.

Nyumbani na kwenye makao ya muda

Hata chaja nzuri inahitaji mahali pazuri. Simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro, maana joto linakosa pa kutokea. Isichajiwe karibu na galoni ya petroli, chupa ya mafuta ya taa au pazia. Umeme ukikatika, chaja itolewe kwenye prizi, irudishwe umeme ukishatulia. Mikono iliyolowa isiiguse. Mtoto asiachwe na kamba iliyo kwenye umeme, kwa sababu ataiweka mdomoni.

Familia zilizokimbia makwao zina mashaka yao. Kambi nyingi zilizouzunguka mji zilibaki tupu Februari 2025, lakini wengi bado wako kwa wenyeji, makanisani, mashuleni au chini ya turubai. Turubai la plastiki linashika moto upesi kuliko mbao. Wengi huko wanachaji kwa kibao cha jua. Kibao kinachouzwa kama cha volti 12 kinaweza kutoa volti 18 na zaidi jua likiwa kali. Waya zake zisiunganishwe moja kwa moja na simu hata siku moja. Kinahitajika kifaa cha kati kinachoshusha mpaka volti 5. Kwa mwenye betri ya gari au ya pikipiki, chaja ya gari yenye tundu la USB ni njia nzuri na ya bei ndogo, na waya wa kutoka kwenye betri uwekewe fyuzi.

Anayepeleka simu kwa mchajishaji naye anaweza kutazama. Je, waya zimelala juu ya meza kavu au juu ya matope? Je, ralonji moja imebeba simu kumi au arobaini? Je, ralonji nyingine imechomekwa juu yake? Kwenda na kamba yako nzuri kunasaidia, lakini hakuondoi ubovu wa chaja ya mwenye kibanda.

Na ikitokea chaja imeshika moto, cha kwanza ni kukata umeme kwenye swichi kuu au kwenye mita. Maji yasimwagwe juu ya kitu ambacho bado kiko kwenye umeme. Mchanga mkavu unazima moto mdogo. Majirani waitwe tangu mwanzo, si baada ya kushindwa, kwa sababu katika Birere nyumba ya pili haiko mbali, na nyingi ya barabara zake ni nyembamba mno kwa gari la zimamoto.